Jipu la Baba na Jani la Isale

Harufu ya petroli ikichanganyika na sabuni ya kufulia hunipandisha hasira hadi leo, na sasa mimi ni bibi wa watu. Juzi mjukuu wangu alikuwa anaziba tangi la pikipiki yake lililokuwa likivuja. Akabandika kipande cha sabuni, nami niliyekuwa nachambua mboga kibarazani nikajikuta nimeinuka na kuingia ndani. Akadhani nimeugua. Ninyi nitawaambia, ilimradi msiharakishe kunipa pole.

Enzi za Mwingereza tulikaa kwenye mteremko wa Meru, juu ya Tengeru, katikati ya kahawa na migomba. Baba alikuwa dereva kwenye shamba la mzungu mmoja huko bondeni. Mzungu huyo alikuwa na gari kuukuu aina ya jipu lililobaki tangu vita, na siku injini ilipokufa alimwambia Baba, mbele ya vibarua wote, aiondoe takataka hiyo uani kwake, afanye nayo anavyotaka. Baba akaazima maksai wa mjomba, wakalikokota jipu hadi nyumbani kwetu, sisi watoto tukilisukuma kwa nyuma na kuimba kana kwamba tunaleta bibi harusi.

Alilitengeneza kila jioni akitoka kazini, kwa vitu vya nyumbani. Tangi aliliziba kwa sabuni. Springi iliyovunjika aliizungushia ngozi mbichi ya ng'ombe, akaiacha ikauke juani hadi ikabana kama chuma. Valvu tulizisaga kwa mchanga laini wa mtoni, tukauchuja kwa kitambaa na kuuchanganya na mafuta. Kazi ya kuzungusha kijiti kilichoshika valvu ilikuwa yangu, maana kaka zangu walichoka upesi wakatorokea mpirani. Mikono yangu ilinuka oili hata kanisani. Bibi alituletea maji ya rejeta kwa kibuyu, akasema hajapata kuona mnyama anayekunywa maji mengi hivyo asitoe hata kikombe cha maziwa. Baba akacheka, akamjibu kwa methali yake ya kila siku, kwamba mchumia juani hulia kivulini. Hakutuambia kwamba kivuli nacho kinaweza kuwa na mwenyewe.

Sote tulijua jipu lile lilikuwa la nini. Kila siku ya soko Mama alishuka Tengeru na mkungu wa ndizi kichwani, na masika njia ile ilikuwa utelezi mtupu. Mwaka uliotangulia alianguka akiwa mjamzito, na mtoto yule hatukumpata. Baba hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Alishika spana.

Jipu likawaka. Siku ya soko Mama alikaa mbele, kichwa hakina kata, mikungu imelala nyuma, akashuka mlima akiwaitikia watu salamu kama mke wa mchungaji. Nilidhani nitapasuka kwa furaha. Lakini pale sokoni walikuwapo watu wa shambani, na maneno yakamfikia mzungu kwamba takataka yake inatembea.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, akaja mshili, yaani mkuu wa ukoo wetu. Alifuatana na askari na dereva mwingine wa shambani, na mkononi alishika jani la isale. Kwetu Wameru, aliyekosa huleta isale kuomba radhi, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Akilikataa, balaa huwaangukia watoto wake. Hata sisi Walutheri, pamoja na nyimbo zetu zote, tuliliogopa jani lile.

Mshili alieleza kwamba bwana hakumpa Baba gari, alimwekesha tu, na sasa analitaka. Mzungu mwenyewe hakuja. Baba aliuliza kama vibarua waliosikia wataitwa. Mshili akakohoa.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja na isale. Usinirudishe nalo mkononi."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Akasimama, kisu bado mkononi.

"Isale linasema nimekosa, mzee. Huyo bwana amekubali kwamba amekosa nini?"

Mshili akawatazama kuku. Baba alitutazama sisi watoto, mmoja mmoja, kisha akanyoosha mkono akalipokea jani.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Dereva alipopanda, Baba alimfuata dirishani akamweleza kwa upole kwamba breki haishiki kwa mguu wa kwanza, airudie kabla hajafika mteremkoni. Nilitamani kumng'ata. Ningekuwa mimi ningenyamaza, wakayajue hukohuko bondeni. Siku ya soko Mama akajitwika mkungu wake, na kwa muda mrefu sikutaka kumtazama Baba usoni. Nilimwona mwoga, mwanamume mzima anayetishwa na jani.

Nimeshakuwa na watoto wangu ndipo yule dereva, akiwa mzee, alinieleza yaliyosemwa kule shambani. Wazo la isale halikuwa la mshili. Mzungu ndiye aliyemwagiza aende nalo, akisema wakiliona hawabishi. Mtu huyo alikaa nasi miaka na miaka asijifunze hata kuitikia shikamoo ya mtoto. Katika mila zetu zote alijisumbua kujua moja, ile ya kutufunga midomo.

Na Baba alijua. Alijua fika kwamba anadanganywa, kwamba isale lile halikubeba toba ya mtu. Lakini alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja chini ya migomba, na alipotutazama pale uani alikuwa anajiuliza kama gari linatosha kumhatarisha mwingine. Kwa Baba hasira yangu iliisha siku niliyoyaelewa hayo. Kwa yule mzungu ninayo bado, nzima, na sijaona sababu ya kuipunguza.