Mungu Atawatosha

Nilipokuwa mmisionari Durban niligombana na neno moja kuliko nilivyogombana na Shetani. Neno lenyewe ni "iko". Wanafunzi wangu, Wakongo na Warundi waliokimbia vita, walisema "mutu iko", "chai iko", "Mungu iko", nami nikasimama mbele yao na chaki mkononi nikidai waseme "Mungu yupo". Sisi watu wa Morogoro tukienda ugenini tunabeba Kiswahili chetu kama mwanamke anayekwenda kupika kwenye harusi na sufuria yake mwenyewe. Walinicheka, wakanipenda, na Mungu akaendelea kuwa iko.

Kanisa lililonituma liliishiwa, likanirudisha nyumbani. Wito nao ukaniishia, si kwa ghadhabu wala kwa kashfa, ulipungua tu kama chumvi kwenye kopo. Siku hizi nafuga kuku. Jumapili naenda ibadani kama watu wengine, nakaa nyuma, natoka kabla ya matangazo.

Mwaka huu mpwa wangu anayeishi Johannesburg aliniita kwake. Nilipochoka kutazama televisheni yake nikapanda basi kwenda Durban. Nilimwambia naenda kuwasalimu watu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kama kuna kitu chochote nilichopanda kule ambacho kimeota. Mtu akifika umri wangu anaanza kuwa na hamu hiyo, na ni hamu mbaya.

Hakuna kilichoota. Katika chumba tulichokuwa tukikodi kwa darasa sasa wanatengeneza simu. Wanafunzi wengi wamehamia Cape Town, wawili nimeambiwa wamekufa, wengine niliwapigia hawakupokea. Waliobaki ni mume na mke mmoja, wenyeji wa Uvira. Mume ndiye aliyekuja kunipokea. Anapakia mizigo kwenye ghala moja la Mobeni na mgongo wake umekwisha. Alinikumbatia kwa upande, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwalimu! Umezeeka sana!"

"Na wewe hujambo," nikamjibu.

Tulitembea kwa miguu kwenda kwake, mjini karibu na ufukwe, joto la Durban limetushika shingo. Kwenye robot, ndivyo waitavyo kule taa za barabarani, tukingoja zamu ya watembea kwa miguu, akanivuta mkono.

"Mwalimu, mbele tufike nyumbani, iko neno."

Nilijizuia nisimsahihishe.

"Bon. Nimepata nyumba Chatsworth. Vyumba mbili, mulango yetu wenyewe, choo yetu wenyewe. Mama mwenye nyumba anataka jibu kesho. Kama hapana, anapatia watu wengine. Lakini bibi yangu anakataa."

Bibi kwao ni mke. Nikauliza anakataa nini, mwanamke gani anakataa choo chake?

"Anasema tunatoka. Miaka yote anasema tunatoka. Eish, Mwalimu! Hata sahani hanunui. Mi nimechoka kuongea. Weye njo ulimufundisha. Weye ukisema, atasikia."

Njo kwao ni ndiye, au ndiyo. Nikamwambia niachie mimi. Nilifurahi, lazima niseme. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha nikitafuta kazi ya kufanya, na kumbe kazi ipo.

Chumba chao kiko ghorofa ya tatu, nacho si chumba chao. Ni sebule ya nyumba ya watu iliyogawanywa kwa mapazia, familia tatu, na wao ndio wa dirishani. Kitanda kimoja, godoro la binti yao limesimamishwa ukutani, na meza ya chini iliyofunikwa kitenge. Upande wa pili wa pazia mtu alikuwa akikohoa, na kila akikohoa sisi sote tulinyamaza kidogo, kwa adabu, kana kwamba alikuwa kwenye mazungumzo.

Mke alilia aliponiona. Anasuka nywele kwenye njia za maduka huko mjini, na vidole vyake vilinuka mafuta ya nywele aliponishika uso. "Mwalimu wetu," alirudia, "Mwalimu wetu." Binti, akaniambia, yuko kwenye mechi shuleni, Kizulu anakiongea kuliko Wazulu. Akamimina chai, akaweka vikombe mezani juu ya kitenge, meza ikayumba kidogo.

Nikaanza. Nilisema vizuri, najijua nikisema vizuri. Nilisifu Chatsworth, ambako nilifika mara chache enzi zile. Nilisema mtoto wa kike mkubwa anahitaji ukuta, si pazia. Nilisema mgongo wa mumewe unahitaji kitanda ambacho hakuna mtu anayekiruka kwenda jikoni. Alinisikiliza kwa heshima zote, mikono magotini, kama alivyosikiliza zamani.

"Mwalimu," akasema nilipomaliza, "weye mwenyewe ulituambia. Kila siku ya kufunga darasa. Mungu atawatosha."

Ni kweli. Ndivyo nilivyofunga kila kipindi, mkono juu: Mungu atawatosha. Ilikuwa kauli yangu, sikuikopa kwa mtu.

"Mi sikusahau hata siku moja," akaendelea. "Sasa kama Mungu atatutosha, tukodi nyumba juu ya nini?"

Nilikereka. Nikaona huyu amezidisha dini, na mimi siku hizi mtu aliyezidisha dini ananichosha. "Mama," nikamwambia, "Mungu kutosha hakuzuii mtu kuwa na mlango."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwalimu wake ameanza kusahau.

Hapo mume akashindwa kuvumilia. "Hata ule mama mwenye nyumba! Watu yake ni wale Waislamu wanaitwa Wazanzibari. Zamani walikuwa Bluff, wazee yao walikuwa wanavua samaki kule. Serikali ya wazungu ikawatosha, ikawatupa Chatsworth. Walilia, lakini walijenga! Walipanda maua!"

"Serikali ikawafanya nini?"

"Ikawatosha kule Bluff."

"Ikawatosha?"

"Ndiyo, Mwalimu. Iliwatoa. Kama vile daktari anatosha jino." Akanionyesha kwa vidole, jino linavyotoka.

Nikaweka kikombe chini. Kwetu, kitu kikitosha kimefika kiasi cha haja, huhitaji kingine. Kwao, kutosha ni kutoa, kung'oa, kuondoa mahali. Miaka yote ile nilisimama nikiwaambia kwamba Mungu peke yake ni riziki kamili, na wao walisikia kwamba Mungu atawaondoa Durban.

Sasa nikaelewa amina zao. Zilikuwa amina kubwa, za kupiga miguu sakafuni, hadi wenye nyumba ya chini wakawa wanagonga dari kwa fimbo. Mimi nilikwenda kulala nikijipongeza kwamba mafundisho ya kuridhika yamewaingia. Na sijui nililikosaje neno hilo vinywani mwao. Labda nilisikiliza makosa tu, na hili masikioni mwangu lilikuwa Kiswahili safi. Nyani haoni kundule.

Ningeweza kunyamaza. Nililifikiria hilo, tena sana. Lakini mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akinitazama, mkono mmoja kiunoni, na jibu la nyumba lilikuwa kesho. Nikajiambia mtu hawezi kuishi juu ya neno ambalo halikusemwa.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa mifano, kama darasani: chai ikijaa kikombe inatosha, kitambaa kikienea gauni kinatosha. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, akinifuata. Mtu wa upande wa pili wa pazia naye alikuwa ameacha kukohoa.

"Donc," akasema, "haukusema atatuondoa."

"Sikusema hivyo, mama."

"Ulisema nini?"

"Nilisema Mungu ni wa kutosha. Kwamba mkiwa naye, popote mlipo, hata hapa, mnacho kila mnachohitaji."

"Hapa?"

"Hata hapa."

Akageuza kichwa akatazama. Alitazama pazia, na godoro ukutani, na ndoo, na mgongo wa mumewe. Hakuwa na haraka. Alitazama kama mpangaji mpya anayeonyeshwa chumba.

"Hii njo inatosha?"

Nimewahi kujibu maswali ya watu kuhusu kifo cha watoto wao, na nilijibu, Mungu anisamehe, bila kupumua. Hilo la chumba nililijibu kwa kutazama ndani ya kikombe changu. Nilitaka aseme jambo jingine ili niweze kujibu hilo jingine. Nilimwonea huruma na nilijichukia, na juu ya yote nilitaka kwenda zangu.

Aliinuka akaondoa vikombe mezani, kimoja kimoja, akaviweka sakafuni. Kisha akavuta kitenge. Chini yake hapakuwa na meza. Yalikuwa masanduku mawili ya safari, moja juu ya jingine, na chai yangu nilikuwa nikiinywa juu yake.

"Siku walituita kutuhoji ya kwenda Canada," mume akanieleza kwa sauti ndogo, "walisema tungoje simu. Akanunua vitu. Tangu siku ile haijafunguliwa."

Mkewe akalifungua la juu. Humo mlikuwa na mashuka mapya bado ndani ya nailoni, sahani zilizofungwa kwa magazeti, sufuria ambayo haijaona moto. Zile sahani ambazo mumewe alisema hanunui, kumbe alinunua, ila kwa ajili ya kwingine. Alikuwa akitoa kimoja kimoja, akipanga kitandani, na uso wake haukuwa na hasira wala machozi, jambo lililoniumiza zaidi. Mume akasimama, akanigusa bega kunishukuru, akaenda koridoni kupiga simu. Nilimsikia akimwambia mama wa Chatsworth ndiyo, tunakuja, ndiyo mama, sharp, asante sana. Alicheka kidogo. Sijui mara ya mwisho alicheka lini.

Mke alifika chini kabisa ya sanduku akatoa koti. Koti la baridi, jekundu, zito, la mtoto wa darasa la kwanza, lebo bado inaning'inia kwenye mkono. Mtoto mwenyewe sasa anavaa viatu vya mama yake. Alilinyoosha mbele ya kifua chake, akalipima mabega kwa macho, muda mrefu.

"Hii haimutoshi tena," akasema.

Kisha akanigeukia, macho makavu, kama zamani alipokuwa akinisomea sentensi na kungoja chaki yangu.

"Nimesema muzuri, Mwalimu?"

Nikamwambia ndiyo, amesema vizuri.