Mtoki wa Msimu wa Ufuta

Mwiba uliniingia asubuhi ya kwanza ya kuvuna shamba la mtu niliyetaka anipe mpwa wake.

Kwetu sisi, baba wa binti anaweza kukupenda mpaka akakuchinjia kuku, lakini mjomba akikataa, kuku huyo umemla bure. Mjomba wa binti huyu alikuwa mkulima wa ufuta Miteja, na ujumbe aliotuma kwetu Mtanda, Lindi mjini, ulikuwa mfupi: kijana aje tuvune naye, nimwone. Nikapanda basi kutoka Lindi, nikafikia kwa bibi yangu, mama yake mama, ambaye anaishi jirani na mjomba huyo.

Ufuta hukatwa, hufungwa mafungu, kisha mafungu husimamishwa kwenye fito mpaka yakauke. Si kazi ngumu kwa aliyeizoea. Mimi nilikuwa nimezoea kupanga maboksi dukani. Ndala zangu zilikuwa zimelika kisiginoni, na mwiba ukapita hapo kama hakuna kitu. Niliinama kama nafunga fungu, nikauvuta. Ukakatika. Kipande kikabaki ndani, nami nikaendelea kukata, kwa sababu mjomba alikuwa ananitazama.

Kesho yake kisigino kilikuwa chekundu na cha moto. Baada ya hapo kikavimba, na juu yake, kwenye kinena, likatokea donge gumu la ukubwa wa korosho, linalouma kila ninaponyanyua mguu. Kisigino ningeweza kumwonyesha mtu. Donge lile ningemwonyesha nani, likiwa mahali lilipokuwa? Nikaona bora nitembee kwa ustadi.

Ustadi wangu haukumdanganya mtu. Mtoto wa kiume wa mjomba, tuliyekuwa tunakata naye mstari mmoja, alinitazama nikivuka tuta, akatua panga lake.

"Shem," aliniita, "wewe umetoka jando lini?"

"Zamani."

"Mbona unatembea kama umetoka jana?"

Wanawake waliokuwa wanafunga mafungu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mjomba hakucheka. Aliniuliza, "Kijana, unaumwa?"

"Hapana, mjomba."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye ufuta wake. Nilifurahi. Nilidhani nimefaulu.

Kwa bibi mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana bibi huniita mume wake tangu nanyonya, na mume hana siri.

"Mume wangu, njoo hapa. Una mtoki wewe."

"Sina, bibi."

"Huwezi kukaa kigodani, unachuchumaa kama kuku anayetaga, halafu huna mtoki? Mtoki unatoka kwenye jeraha. Liko wapi?"

"Hakuna jeraha."

Basi, kwa kuwa hakuna jeraha, bibi alitibu mtoki peke yake. Alichukua masizi ya sufuria, akanipa nijichore mistari mwenyewe huku yeye ametazama pembeni, akanipashia kitambaa cha moto nijikande. Nilijikanda kwa bidii. Nilikuwa naamini kabisa kwamba ugonjwa ni lile donge, na kwamba likiondoka nimepona. Kile kisigino nilikifunika kwa soksi.

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali, na mimi nikawa natetemeka kwa baridi katikati ya shamba. Mjomba alitua panga, akaja akaniwekea mkono shingoni. Hakuuliza kitu safari hii. Alileta pikipiki yake, akasema, "Panda."

Nesi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka na macho yasiyochoka.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, baba. Unasumbuliwa na nini?"

"Kichwa."

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akaishia kwenye soksi. "Kichwa chenyewe kiko mguu gani?"

Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. Nilivua soksi. Nesi alikiinamia kisigino. Alimwita mjomba aje anishike mguu. Hivyo ndivyo mzee niliyetaka kumpendeza alivyokaa kwenye benchi, kisigino changu chenye usaha kikiwa mapajani mwake.

Nesi alipokuwa anasafisha, alizungumza, nadhani ili nisitazame sindano. Alisema chini ya ngozi kuna chembe za ulinzi zinazokaa hapohapo, hazisubiri kuitwa. Mwiba unapoingiza vijidudu, chembe hizo huvitambua, maana nje ya vijidudu kuna vitu ambavyo havimo kabisa katika mwili wa mtu. Huanza kuvimeza. Wakati huohuo humwaga kemikali za kuomba msaada.

"Mishipa midogo ya damu ikizipata kemikali hizo inatanuka," alisema. "Damu inakuja nyingi, ndiyo maana pakawa pekundu na pa moto. Maji yanavuja nje ya mishipa, pakavimba. Chembe nyeupe zilizokuwa zinapita kwenye damu zinajipenyeza ukutani mwa mshipa na kufuata kemikali mpaka kwenye mwiba, kama watu wanaofuata harufu ya pilau. Zinakula vijidudu, zinakufa kwa wingi. Huu usaha ni maiti zao pamoja na za vijidudu."

Mjomba alitazama mapaja yake.

"Na homa?" aliuliza.

"Kemikali zikiwa nyingi zinafika hadi kwenye ubongo, ubongo unaongeza joto la mwili. Na zipo chembe nyingine zinabeba vipande vya vijidudu na kupanda navyo mpaka kwenye tezi za kinena, kuwaonyesha walinzi wengine adui anafananaje. Walinzi wanaongezeka pale, tezi inavimba. Huo ndio mtoki." Akanigeukia. "Anao huyu?"

Nilitazama dari.

"Anao," alisema mjomba. "Shamba zima linajua."

Darasa la saba nililoishia mimi tulifundishwa kwamba chembe nyeupe ni askari. Hatukuambiwa kwamba zinaitana. Nilikuwa nimelala pale nikifikiria masizi yangu, jinsi nilivyowakanda wapeleka habari huku moto unawaka kwingine, mara kipande cha mwiba kikatoka. Kilikuwa kidogo hata nikaona aibu. Nikachomwa sindano ya pepopunda, nikapewa dawa za kumeza.

Mjomba alikiweka kile kipande kiganjani, akakigeuza.

"Nesi, kwa hiyo chembe zote hizi zimepiga kelele, zimeleta joto, uvimbe, mtoki na homa, na mwenye mguu mwenyewe kanyamaza?"

"Kanyamaza."

"Nilimuuliza, akasema haumwi." Hakuwa ananiambia mimi, lakini alikuwa ananiambia mimi. "Sasa mtu huyu mke wake akimuuliza jambo, atajibu nini?"

Hapo nikajua nimemkosa binti, na si kwa sababu ya kukata ufuta vibaya.

Tulirudi kwa pikipiki ileile. Karibu na nyumba za kwanza mjomba alipunguza mwendo, bila kuzima pikipiki.

"Kijana. Unamtaka mpwa wangu?"

Mpaka siku ile walikuwa wamenisemea wengine: mama, shangazi, mshenga. Nilijibu, nadhani nilijibu.

"Sisikii! Pikipiki inanguruma."

"Namtaka!"

"Nani?"

"Namtaka mpwa wako, mjomba! Na mguu unaniuma sana!"

Watu waliokuwa wanaanua ufuta barazani walisimama wote. Mjomba aliongeza mwendo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliponishusha uani kwa bibi alisema tu, "Kisigino kikipona, wazee wako waje."

Bibi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimesikia mpaka huku," alisema. "Mume wangu, ndiyo umeniacha hivyo, kwa kelele?"