Babu Alipotazama Paa

Kitu cha kwanza ninachokumbuka duniani ni nyuki mlevi. Alitoka kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, akawa anapepesuka, nami nacheka. Basi ulanzi huohuo ulimwangusha babu, na wala hakuwa ameuonja. Aliteleza kwenye tope akienda kugema, akaumia shingo.

Juzi nimemwona mzee mmoja mjini Mafinga amevaa kola ya plastiki shingoni, nikasikia harufu ya ulezi. Maana siku ile bibi alimlaza babu chali kitandani, akambana kichwa kwa vifuko viwili vya ulezi ili asigeuke. Mimi sikuelezwa. Kwetu mtoto alipiga magoti, akasalimu, na hakuinuka mpaka mzee amtazame.

"Kamwene, babu," nikasema mlangoni.

Akaitikia huku anatazama paa. Nikajua amenichukia. Nikabaki chini nalia, mchana wote moshi wa jikoni ukiniingia machoni.

"Nani huyo analia?" babu akauliza.

"Mkeo mdogo," bibi akajibu. "Anangoja umtazame."

"Mke wangu, shingo imegoma. Panda huku nikuone."

Nikapanda, nikamwinamia mpaka pua zikakaribiana.

"Kumbe una kamasi hivi!"

"Shuka, mwizi wewe," bibi akacheka, "niachie mume wangu apone!"

Akapona polepole. Asubuhi moja nilipiga magoti, akageuka mwili mzima, akanitazama, kisha akatoka kwenda kanisani. Akarudi mzima, na kulazwa chali kitandani kukaishia hapo.