Dominika na Friji la Chanjo

Zamani za Mwingereza, Dominika, mama yake Vitalis, alikuwa mhudumu katika zahanati ndogo ya misheni karibu na Chilangala. Alifagia, alichemsha sindano, na kila asubuhi aliinama chini ya friji la mafuta ya taa kutazama kama moto wake mdogo unawaka buluu. Mwaka ule ndui ilikuwa imeingia Mkunya, na chanjo iliyoletwa juzi kutoka Lindi ilikuwa humo ndani. Ikipata joto, ndiyo basi.

Asubuhi hiyo alikuta moto umezimika. Akauwasha. Ukawaka njano, ukatoa moshi, ukafa.

"Sista, moto haukai!"

Sista Mabel, muuguzi Mwingereza, akaja mbio. Walikata utambi ulioungua, moto ukazimika. Wakamwaga mafuta, labda yameingia maji, wakatia mengine. Vilevile. Wakafunga dirisha kukinga upepo. Wapi!

Jua lilikuwa linapanda. Dominika alitia chupa za chanjo katika mtungi mtupu, akauzungushia gunia, akalilowesha kwa maji aliyoyapandisha mwenyewe kutoka bondeni. Yalipokwisha, jirani yake Mwanaheri alimletea ndoo yake ya maji ya kupikia.

"Chukua, Mama Vitalis. Leo tutakula mihogo ya kuchoma."

Dominika akarudi kwenye friji, akaukazia macho ule moshi. Ulikuwa unarudi chini.

"Sista, moshi hauna pa kutokea."

"Bomba!" Sista akasema.

Wakalivuta friji kutoka ukutani, wakapitisha waya ndani ya bomba la moshi. Tonge la udongo likaanguka, kisha jingine. Nyigu! Walikuwa wamejenga humo siku zile friji lilipozimwa likingoja mafuta kutoka Masasi, na masizi ya siku mbili yakamalizia kuziba.

Dominika akawasha tena. Moto ukatetemeka, ukatulia, ukawa buluu. Kisha Sista akaketi sakafuni na masizi yake usoni, akacheka mpaka machozi, na Dominika akacheka naye.

Watoto walichanjwa. Lakini je, dawa ilikuwa nzima bado? Hilo halikumtoka Dominika moyoni, hata usingizi ukawa wa shida.

Wiki iliyofuata mama mmoja, Josephina, aliingia amefura kwa hasira, mtoto mgongoni.

"Mmemfanya nini mwanangu? Tazama mkono ulivyovimba! Kidonda kimetunga usaha!"

Dominika aliutazama ule mkono, akapiga kigelegele.

"Imeshika, dada! Chanjo imeshika! Ingekuwa imeharibika, mkono usingevimba hivi."

Akamkumbatia Josephina, ambaye bado alikuwa amenuna.