Mtakatifu wa Shaba

Chumba cha Bruda Hieronimo, Mzungu wa misheni, hakinuki ukwaju tena. Tangu Katarina aondoke, zile sarafu za Warumi zimeota kutu ya kijani, kama ukoga kwenye meno.

Mwaka 1884 bruda aliletewa mfuko wa sarafu hizo kutoka kwao, akampa Katarina kazi ya kuzisafisha, maana Bagamoyo nzima hapakuwa na mwenye mkono kama wake kwa shaba. Alizilowesha katika ukwaju, akazisugua kwa majivu. Moja ilimkaa moyoni: mtu kashika bendera yenye alama ya Kristo, mkono wa pili kamshika mwenzake aliyeinama.

"Mtakatifu anamwopoa mtu majini," alimwambia jirani yake Evarista.

"Mtakatifu gani miguu wazi, shoga? Mie naona mtu anavuta mbuzi mkaidi!"

"Cheka tu. Mwanangu atabatizwa na huyu shingoni."

Kila mtoto wa misheni alibatizwa na medali yake. Bruda alikuwa na sarafu kumi za aina ile, akampa moja bila swali. Katarina aliitoboa, akamvika kichanga chake, naye akakaa nayo siku nane.

Asubuhi ya ubatizo alimpeleka mtoto kwa bruda akaione. Bruda akafurahi kweli.

"Umechagua vizuri, Katarina! Huyu ni Kaisari. Huyu wa chini ni mateka, anaburutwa kwa nywele. Tazama goti hili, anajaribu kukataa."

Katarina akatazama. Shingo iliyopinda vile aliijua. Njia ya kutoka bara hadi pwani aliitembea hivyo, katika msafara wa watumwa, na goti lake lilikataa hivyohivyo.

"Na alama ya Kristo, bruda?"

"Kaisari alikuwa Mkristo. Maandishi yanasema, utukufu wa Warumi."

Katarina akaukata uzi wa sarafu kwa meno, ladha ya shaba ikamshika ulimi, akatema sakafuni, palepale alipofagia mwenyewe alfajiri. Kifuani pa mtoto palibaki duara la kijani. Alilisugua kwa majivu mpaka mtoto akalia, na bado aliliona.

"Katarina, ni sarafu tu," alisema bruda.

"Kazioshe mwenyewe."

Mtoto alibatizwa Natalia, shingo tupu.

Sasa Katarina yuko Kiwangwa na mwanawe, analima mihogo. Vyombo vyake vyote ni vya udongo.