Kiti cha Watu wa Ndoano

Kwa miaka kumi na miwili Edmund Kalinga alifunga vidonda vya watu wa Lukanyi, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akikasirika. Mtoto akimng'ata wakati wa kuchomwa sindano, alicheka. Mlevi akimtukana siku ya pombe, alimwosha damu usoni na kumwambia, "Pole, mnyalukolo," yaani ndugu yangu. Ndiyo maana aliyoyatenda mwaka wa hamsini na sita yaliwashangaza wengi. Mkewe Paskalina peke yake hakushangaa. Mke hulala karibu na moyo wa mtu, husikia unavyonung'unika.

Alikuwa mtu wa Kilolo, mtoto wa wakulima wa maharage na ulezi. Mapadre walimsomesha, serikali ikamfundisha udresa, kazi ya kufunga vidonda na kugawa dawa, pale Iringa mjini, kisha ikampeleka Mufindi, kwenye milima ya chai, ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Katika mto Lukanyi Wazungu wenye mashamba walikuwa wamemwaga samaki wa kwao, wenye madoa mekundu ubavuni. Waliletwa wangali wadogo kama kucha ya mtoto, wakaupenda ubaridi wa maji yale, wakazaana. Daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akizungukia zahanati alimfundisha Edmund kuwavua kwa fimbo na mshipi, na alipostaafu na kurudi kwao akamwachia fimbo yake.

Tangu hapo Jumapili ya Edmund ilikuwa na sehemu mbili, Misa na mto. Watu walimcheka. Wenyeji wa bondeni walivua kwa migono, ile mitego ya kusukwa kwa fito, nao walivua wapate kitoweo. Huyu, mtu mzima mwenye mshahara, alisimama majini kutwa akarudi na samaki wawili, na akikamata mdogo alimrudisha mtoni kwa heshima kama mgeni aliyepotea njia. Chambo chake hakikuwa mnyoo. Kilikuwa nzi wa bandia, aliyemfunga mwenyewe kwa manyoya ya shingo ya jogoo na uzi wa hariri uliopakwa nta. Kazi hiyo ilitaka vidole vya dresa. Paskalina alizoea kukuta majogoo wake shingo wazi.

Mmoja mmoja, waliomcheka wakawa wanafunzi. Wa kwanza alikuwa Anania, mwalimu wa shule ya Walutheri. Akafuata Marcelino, dereva wa lori la chai, na makarani wawili wa shamba. Wa mwisho alikuja Yunusu Matano, muuza vitambaa, mwenye duka la bati karibu na kituo cha basi la Mbeya.

Edmund alimfundisha Yunusu mwaka mzima. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kuandika. Mwaka wa pili Yunusu akawa anampita. Nzi wake walikuwa wanene, wamefungwa hovyo, lakini samaki waliwaendea mbio kana kwamba wameitwa majina. Na hata siku asiporusha kitu, ukingo wenye watu ulikuwa upande alipo Yunusu. Wenzake walimzunguka, akawasimulia habari za wateja wake, wakacheka mpaka Edmund, aliye juu ya mto peke yake, akasema moyoni kwamba wanamfukuzia samaki.

"Huyu Yunusu ana maneno," Paskalina alisema siku moja akitoka dukani, bado anatabasamu. "Eti kitenge hiki kimekataa kuuzwa kwa kila mtu, kilikuwa kinaningoja mimi."

"Anawaambia hivyo wote."

"Najua. Lakini wewe huniambii hata mimi mmoja."

Edmund alichukua ndoano ndogo akaanza kufunga nzi, na uzi ukamkatikia mara tatu.

Mwaka ule wa hamsini na sita kamati ya mto ilitangaza amri mpya. Kamati hiyo ilikuwa ya Wazungu wenye chai, pamoja na jumbe aliyewasemea watu wa migono. Samaki walikuwa wamepungua, na kamati ikasema mto upumzishwe siku moja kwa wiki: Jumapili. Kwa wenye mashamba haikuwa tabu, siku zote zilikuwa zao. Watu wa migono walitega asubuhi yoyote waliyopenda. Lakini dresa, mwalimu, dereva na makarani walikuwa na Jumapili tu. Amri haikutaja jina la mtu, na bado iliwafunga watano hao peke yao.

Wakapeleka barua. Mwenyekiti wa kamati, mzee ambaye kwa urefu wa kidevu chake watu walimwita Bwana Kidevu, akajibu kwa namna ambayo hawakuitegemea. Watu wa ndoano, alisema, watapewa kiti kimoja katika kamati. Wachague mtu mmoja aje awasemee, na habari ya Jumapili itazungumzwa.

Walikutana darasani kwa Mwalimu Anania, wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwagusa videvu. Edmund alikuwa amevaa koti. Hakumwambia mtu kwa nini. Alijua tu kwamba kiti hicho ni chake. Nani aliwafundisha? Nani alivua mto huu walipokuwa bado wanamcheka? Hakuona haja ya kulisema. Kwao, kwa wazee wake, mtu hajitaji mwenyewe, hutajwa.

"Mimi naona hakuna haja ya kusumbuka," Marcelino akaanza. "Tunaye mtu wa pwani humu ndani. Nani anajua samaki kumzidi mtu wa pwani? Hawa wamenyonyeshwa maji ya chumvi."

"Kweli kabisa!" makarani wakasema pamoja.

"Pwani ya wapi, jamani?" Yunusu akainua mikono. "Mimi ni mtu wa vitambaa. Niacheni."

Wakacheka. Waliona anajishusha, kama ilivyo adabu ya Waswahili. Huku juu milimani kila mwenye kofia ya viua na jina kama Matano alihesabiwa kuwa amezaliwa ndani ya ngalawa, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Mbali na Yunusu, mtu mmoja tu katika darasa lile alijua ukweli. Alipokuwa akijifunza udresa, Edmund alipanga chumba Iringa nyuma ya soko, nyumba ya tatu kutoka kwa mzee Matano, muuza viungo. Yunusu alizaliwa hapohapo. Babu yake ndiye aliyetoka pwani. Yunusu mwenyewe alikuwa hajaiona bahari hata siku moja, na maji mengi aliyoyajua kabla ya Lukanyi yalikuwa ya Mto Ruaha wakati wa masika.

Edmund angeweza kusema. Alingoja. Alingoja Anania, mtu wa haki, aseme, "Na mwalimu wetu je?" Anania akakohoa, akauliza, "Wanaomtaka Yunusu?" Mikono ikainuka. Wa Edmund ukainuka pia, polepole, mzito kama ndoo ya maji.

Wiki mbili hakulala vizuri. Alimwona Yunusu akipita na karatasi mfukoni, akiwauliza watu: huyu anatoka kazini saa ngapi, yule analipia leseni wapi. Alimwona akipelekewa chai na makarani ambao jana walikuwa wakimpelekea yeye. Paskalina akamwambia, "Kula." Akala, asijue amekula nini.

Siku ya kikao watu wa ndoano wote waliruhusiwa kuja kusikiliza, wakasimama barazani kwenye nyumba ya klabu ya wakulima wa chai. Jumbe ndiye aliyeanza, kwa ukali.

"Bwana mwenyekiti, watu wangu wanavua wapate kula. Hawa wanacheza. Mtu anayekuja kucheza ana haki gani mtoni?"

Yunusu akasimama. Hakutoa karatasi.

"Jumbe wangu, samaki akishakamatwa haulizi kama aliyemkamata ana njaa au ana furaha. Akipungua, amepungua kwa wote. Sisi tunalipa leseni kama mabwana hawa, na tunarudisha wadogo. Tunapoambiwa tumepunguza samaki, tunahesabiwa. Siku ya kupanga namna ya kuwalinda, hatuhesabiwi. Ama mtuhesabu pande zote mbili, ama mtuache pande zote mbili. Na mkitafuta siku ya kupumzisha mto, tafuteni siku itakayomgusa kila mtu kidogo, msichukue siku ya mtu mmoja yote."

Hata jumbe aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeonja mboga ya jirani akaikuta ina chumvi ya kutosha. Maneno yale Edmund alikuwa ameyajua miaka yote. Alikuwa ameyasimamia, majini, Jumapili baada ya Jumapili. Hakuwahi kuyapata mdomoni.

Bwana Kidevu alitabasamu. "Vizuri sana, Matano. Ninyi watu wa bahari mnaelewa mambo ya uvuvi. Ni damu."

Hapo ndipo Edmund alipojisikia akisema, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake:

"Bwana mwenyekiti, mtu huyu hajawahi kuiona bahari. Amezaliwa Iringa, nyuma ya soko. Kuvua nimemfundisha mimi."

Mzungu mmoja alicheka, kisha wote. Marcelino akageuka kumtazama Yunusu akiwa kinywa wazi. Yunusu alitazama chini, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Basi," alisema Bwana Kidevu, na tabasamu limekwisha, "ninyi watu wa ndoano hamumjui hata mnayemtuma. Rudini mkapatane. Nataka barua yenye jina moja na sahihi za wote sita kabla ya mwisho wa mwezi. Isipofika, kiti hakuna. Na Jumapili mto umefungwa."

Njiani kurudi hakuna aliyetembea na Edmund. Mbele yake alimsikia Anania akisema, "Sasa pwani inahusu nini? Mbona amesema vizuri tu?" Na Marcelino, "Mimi namtaka hivyohivyo alivyo." Barua iliandikwa kesho yake, kwa jina la Yunusu Matano. Watano wakatia sahihi. Ikaletwa zahanati, ikakaa juu ya meza ya Edmund chini ya chupa ya dawa ya macho, siku kumi.

Jumapili ya kwanza alitoka kanisani akakaa nyumbani. Ya pili vilevile. Siku ya Jumanne, akiwa anapima dawa za mtoto, aliona dirishani Yunusu akishuka mtoni na fimbo begani. Duka lilikuwa limefungwa. Mwenye duka akitaka kufunga, hufunga. Aliyeajiriwa hutazama dirishani. Wivu ulimshika mpaka akapoteza hesabu ya matone, ikabidi aanze upya.

Kesho yake Yunusu alikuja zahanati. Hakupita mbele. Alikaa kwenye benchi kati ya mama wawili wenye watoto, akasogea kila mtu mmoja alipotoka, mpaka zamu yake ikafika.

"Unaumwa nini?" Edmund aliuliza bila kuinua macho.

"Mkono."

"Nionyeshe."

"Wangu ni mzima. Wako ndio mgonjwa, Bwana Dresa. Naambiwa umekataa kuandika."

Edmund alifunga mlango. "Kwa nini hukuwaambia siku ile kwamba wewe si mtu wa pwani?"

"Nilisema, wakacheka. Na wewe ulikuwepo. Ulinijua tangu sina ndevu, na ukaninyamazia. Halafu ukaja kusema mbele ya Wazungu."

"Nilikuwa nangoja wanitaje."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Lilisikika dogo sana kwenye chumba kile chenye harufu ya dawa.

"Si ungesema mwenyewe, ndugu yangu? Mkono wangu ungekuwa wa kwanza."

"Kwetu mtu hajitaji."

"Basi na kwenu samaki wanakuja wenyewe nyumbani," Yunusu alisema, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Edmund aliitazama ile barua. "Nikuulize. Jumapili hii unaitetea kwa nini? Jana nimekuona. Una Jumanne, una Alhamisi, una siku unayotaka. Amri hii wewe haikugusi."

Yunusu alifikiri. "Jana nimepata watatu, wakubwa," alisema. "Nimegeuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu. Sasa hiyo ni raha gani?"

Edmund alichukua kalamu. Angependa kusema kwamba wakati ule moyo wake ulisafika, lakini alikuwa mkweli, na haukusafika. Kilichomchoma ni kwamba jibu lile lilikuwa zuri, na kwamba angekaa mtoni miaka mingine kumi na miwili asilipate. Aliona wazi, kama anavyoona jipu lililoiva, kwamba mtu wa kukaa kwenye kile kiti ni huyu, na kwamba wenzake walipokosea kuhusu pwani hawakukosea kuhusu mtu. Akaandika jina lake chini ya mengine, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mapadre, akaukausha wino kwa pumzi.

"Ahsante," Yunusu alisema.

"Toka, kuna wagonjwa."

Kamati ilikaa tena mwezi uliofuata. Jumapili ilifunguliwa kuanzia saa saba mchana, na Jumatatu mto ukafungwa kwa wote, wenye chai na wenye migono. Ilisemwa kwamba Yunusu alibishana mpaka chai yao ikapoa.

Jumapili ya kwanza ya amri hiyo Edmund alitoka kanisani, akala, akashuka na fimbo yake mpaka pale mto unapopanuka juu ya mawe. Chini, kwenye kona, alisikia vicheko vya wenzake. Hakwenda. Alikuwa bado anafungua mshipi gari la Bwana Kidevu liliposimama barabarani. Mzee akachungulia, akaiona fimbo, akamwona mtu.

"Matano yuko wapi? Nataka kumuuliza jambo kuhusu mto."

Edmund aliyajua mambo yote ya mto ule, kila jiwe na kila kina. Alingoja kidogo, labda mzee angeuliza zaidi. Mzee hakuuliza.

"Yuko chini, bwana, kwenye kona," akasema, akaonyesha kwa mkono.

Gari likaondoka. Edmund akarusha mshipi wake, na nzi akatua majini bila kishindo, vizuri kabisa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuona.