Samadi Yetu na ya Uholanzi

Kwenye mkutano wa wafugaji hapa Mbeya, mtaalamu alituonyesha ukutani mistari miwili ya grafu: nitrojeni ya samadi inayozama ardhini hadi kwenye maji na kuyachafua. Wa Uholanzi ulishuka mwaka hadi mwaka, wetu ulipanda.

Mama mmoja mfugaji wa Usangu akasimama, mikono kiunoni.

"Wenzetu walipunguza nini, baba?"

"Samadi mashambani, mama. Na ng'ombe pia, kidogo."

"Ahaa! Juzi ninyi wa serikali mlituhamisha kwenye malisho yetu, leo mmefuata ng'ombe."

"Hapana, mama. Hivi kisima chako kiko mbali na zizi?"

"Unauliza ili iweje?" Akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Ninamwelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila swali la kisima halikujibiwa, na wajukuu wake wanakunywa humo humo.